Chembe za Angani na Mlima wa Goma

Mlima wa volkeno Nyiragongo ulipolipuka jioni ya Mei 22, 2021, watu wa jiji la Goma, mashariki mwa Kongo, hawakuwa wamepata onyo. Mitambo ya kupima mitetemo ilikuwepo, lakini magma ilikuwa imeshakaribia mno uso wa ardhi. Ikapenya nyufa za ubavuni na lava ikafika kando ya jiji.

Fizikia ya chembe ina jambo la kusema hapa. Miale kutoka mbali angani hugonga hewa ya juu na kuzaa chembe ziitwazo myuoni. Kwenye usawa wa bahari hupita takriban moja kila dakika katika kila sentimita ya mraba, na zile zenye nguvu nyingi hutoboa mamia ya mita za mwamba. Mwamba mzito huzizuia. Penye uwazi hupita. Anayeweka kipimaji ubavuni mwa mlima na kuhesabu zinazovuka hupata picha ya ndani, kama eksirei ya kifua. Hiroyuki Tanaka na wenzake walichapisha picha ya namna hiyo ya mlima Asama, Japani, mwaka 2007. Kipimaji hakioni kilicho chini yake, na picha huchukua wiki au miezi. Magma ya kina inabaki kazi ya mitambo ya mitetemo.

Wajenzi wengi wa vipimaji hivi hupitia mafunzo yaleyale ya watafiti wa CERN, maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya, nayo ni marefu. Katika vyuo vikuu vya Kongo, mhitimu bora huanza kama asistenti, hupanda kuwa chef de travaux (cheo kinachofuata), na bila udokta hafiki uprofesa. Udokta wa majaribio mara nyingi hufanyika ng'ambo, kisha hufuata mikataba mifupi, nchi hadi nchi. Wengi hawapati nafasi ya kudumu, na vijana wastahili kuambiwa hivyo mapema. Hata sifa hugawanywa: makala ya mwaka 2015 ya majaribio ya CERN ya ATLAS na CMS kuhusu uzito wa chembe ya Higgs ilikuwa na majina 5,154 ya waandishi.

Mlango wa karibu wa mafunzo hayo uko Kigali, Rwanda. Shule ya Afrika ya fizikia, ambayo mwanafizikia Mtogo Ketevi Assamagan ni mmoja wa waasisi wake, ilifanyika huko mwaka 2016. Tangu 2018 jiji hilo lina taasisi ya ICTP, Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia, inayofundisha shahada za juu.

Goma yenyewe ingeanza na vipande vichache vya plastiki inayometa myuoni inapopita, vifaa vya kunasa mwanga huo na umeme wa jua. Tasnifu ya kwanza ingehesabu myuoni zinazofika mjini, karibu mita 1,500 juu ya bahari. Ya pili ingepanda mlimani.