Wazee wawili na safari ya utume: anzeni na majina yenu

Ukitoka Kipatimu alfajiri, unashuka Milima ya Matumbi hadi barabara kuu ya Lindi, unavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa na jioni uko Dar es Salaam, karibu na ubalozi unaoutaka. Nyaraka za kupeleka ubalozini huko ndizo huchukua miezi. Kwa wanandoa waliovuka miaka 60 walioitwa na kanisa kuhudumu ng'ambo, kinachokwamisha safari mara nyingi ni majina na tarehe zisizolingana.

Zamani pwani hii ilizoea kupokea wamisionari. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alishukia Lindi akitokea Unguja na watu waliokombolewa utumwani, wakapiga mguu hadi Masasi. Mwaka 1905 Askofu Cassian Spiss alipitia Kilwa akielekea Peramiho, akauawa Mikukuyumbu tarehe 14 Agosti wakati wa Vita vya Maji Maji. Leo njia ni ya kwenda na kurudi. UEM, jumuiya inayounganisha makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani tangu 1996, zikiwamo dayosisi kadhaa za Kanisa la Kilutheri (KKKT), hutuma watenda kazi hata kutoka kwetu kwenda Ulaya. Kwa Wakatoliki, dayosisi rafiki huweza kumwalika katekista mstaafu na mkewe.

Tuseme katekista huyo kwenye cheti cha ubatizo ni Kosmasi Saidi, kwenye cheti cha darasa la saba ni Cosmas Said, na kwenye kitambulisho cha NIDA ni Cosmas Said Mbonde. Mkewe alibatizwa Skolastika binti Ali, lakini NIDA ni Scholastica Mbonde, kwa jina la mume. Kwetu pwani Mkristo mwenye baba Saidi hashangazi mtu. Afisa wa viza aliyekulia kwingine ataona watu watano kwenye faili la watu wawili.

Kwa hiyo anzieni parokiani. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa Katoliki inaitaka kila parokia kutunza vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo, na ndoa ya mwamini huandikwa pia pembeni mwa kumbukumbu ya ubatizo wake. Ombeni cheti kipya kilichonakiliwa kitabuni. Kile kilichokunjwa sandukuni tangu ujana hakina habari ya ndoa yenu. Someni kila herufi kabla ya paroko kugonga mhuri.

Hatua ya pili ni RITA, wakala wa usajili wa vizazi na ndoa, wilayani Kilwa Masoko. Wazee wengi waliozaliwa kijijini karibu na Uhuru hawana cheti cha kuzaliwa. Usajili uliochelewa unawezekana, na cheti cha ubatizo, cheti cha shule na barua ya mtendaji ni miongoni mwa vielelezo vinavyosaidia. Hapo hapo ulizieni cheti cha ndoa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya kanisani, lakini ubalozi hutaka cheti kinachoweza kuhakikiwa serikalini, si kile cha kutundika ukutani chenye picha ya njiwa.

Tofauti ya tahajia, kama Kosmasi na Cosmas, kwa kawaida humalizwa na kiapo mbele ya wakili au hakimu. Jina lililobadilika kabisa huhitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati. Rekebisheni NIDA kwanza, ndipo muombe pasipoti. Mkienda kinyume, kosa la NIDA litahamia kwenye pasipoti na mtalipa mara mbili.

Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza Januari 2018, hudumu miaka 10 na ada yake ni shilingi 150,000. Fomu hujazwa mtandaoni. Kijana wa steshenari anaweza kuwasaidia, ila msimwachie awabunie tarehe. Uhamiaji watachukua alama za vidole, na hapa mkulima hupata tabu: mikono iliyoshika jembe miaka 40 huwa imesagika, mashine ikasoma doa tupu. Pakeni mafuta siku kadhaa kabla, siku yenyewe mikono iwe safi na mikavu, na msione haya kumwomba afisa ajaribu tena.

Viza iendane na kazi. Viza ya Schengen ya muda mfupi ni siku 90 ndani ya siku 180, na inadai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Anayekaa mwaka anahitaji viza ya taifa husika. Marekani ina viza ya R-1 kwa watumishi wa dini, na taasisi inayowaalika ndiyo huanza kuomba. Mwenzi hupewa R-2 isiyomruhusu kuajiriwa. Kama mama naye atatumikia kwa posho, aombewe yake tangu mwanzo. Hata Kenya, tunakoingia bila viza, huduma ya kanisa ina kibali chake, kama sisi tunavyowapa wamisionari wageni kibali cha ukaazi daraja C.

Afya isisubiri wiki ya mwisho. Kadi ya njano huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo ya homa ya manjano, na tangu Julai 2016 ni halali maisha yote, hivyo aliyechanjwa zamani asirudie bila sababu. Aliyefikisha miaka 60 na hajawahi kuchanjwa aonane kwanza na daktari, kwa kuwa hatari ya madhara makubwa huongezeka katika umri huo. Dawa za presha na sukari zikae kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari, ndani ya begi la mkononi.

Nyumbani nako kuna nyaraka. Msimu wa korosho utafika mkiwa mbali. Nani atapeleka mzigo kwenye chama cha ushirika (AMCOS), na fedha zitaingia akaunti ya nani? Andikeni hati ya uwakili kwa mtoto mnayemwamini, itaje shamba na mipaka ya madaraka yake. Mstaafu anayelipwa pensheni na PSSSF aulize mapema jinsi ya kufanya uhakiki akiwa nje. Wosia uandikwe pia. Mwenye akili timamu haogopi kuandika wosia.

Mwisho, angalieni kalenda ya mvua. Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika eneo la Somanga na kwingineko, na abiria wakakwama. Ndege ikiwa ya masika, fikeni mjini siku kadhaa kabla.

Jipeni mwaka mzima wa maandalizi. Wiki hii kaeni wawili mezani, tandazeni vyeti vyote, na kwenye karatasi moja andikeni kila jina na kila tarehe kama ilivyo. Pasipolingana, anzieni hapo, kabla ya kumjibu askofu ni lini mtaondoka.