Masharti ya Uzamili wa Taaluma za Afrika, na Sababu Zake

Wahitimu wengi wa historia, sosholojia au siasa wanapofikiria shahada ya uzamili huendelea na fani ileile. Ipo njia nyingine: taaluma za eneo. Humo mwanafunzi huchagua sehemu ya dunia, kama Afrika au Mashariki ya Kati, akaisoma kwa fani kadhaa kwa pamoja. Uzamili wa taaluma za Afrika hutolewa SOAS jijini London, Leiden nchini Uholanzi, na katika vyuo kadhaa vya Marekani.

Masharti hutofautiana, lakini matatu hujirudia: lugha, mchanganyiko wa fani na utafiti. Ili kuelewa kwa nini, tumfikirie mwanafunzi anayetaka kuandika kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907.

Kumbukumbu za serikali ya wakoloni ziliandikwa kwa Kijerumani, na nyingi zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Upande wa waliopigana umo katika masimulizi ya wazee, yakiwemo yale yaliyokusanywa mwaka 1968 na wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam. Asiyejua lugha za pande hizo atategemea kilichotafsiriwa na wengine. Ndiyo maana vyuo vingi hudai mwanafunzi afikie angalau kiwango cha kati katika lugha ya eneo analolisoma. Nchini Marekani msisitizo huu uliimarishwa na sheria ya elimu ya mwaka 1958. Wasovieti walikuwa wamerusha Sputnik mwaka uliotangulia, na serikali ikaona upungufu wake wa wajuzi wa lugha za nje.

Sharti la pili linatokana na tukio lenyewe. Wamatumbi walianza kwa kung'oa pamba waliyolazimishwa kulima: hapo panahitajika uchumi. Kinjeketile wa Ngarambe aliwapa watu maji yaliyoaminiwa kuwakinga na risasi: hapo panahitajika elimu ya dini na anthropolojia. Njaa iliyofuata iliua watu wengi: hapo panahitajika elimu ya kilimo na afya. Kwa hiyo mwanafunzi hutakiwa kuchukua kozi kutoka fani mbili, tatu au zaidi.

Mwisho ni utafiti, ambao kwa kawaida huishia katika tasnifu, ingawa vyuo vingine hukubali mtihani au mradi badala yake. Anayekuja kuhoji watu Tanzania huhitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kenya, cha tume kama hiyo, NACOSTI. Aanze mapema, kwa kuwa chuo chake nacho hukagua maadili ya utafiti kabla ya kumruhusu kusafiri.

Kwa maombi, andaa hati ya matokeo, barua za mapendekezo za walimu wanaokufahamu, uthibitisho wa Kiingereza pale unapodaiwa, na maelezo ya dhamira. Hayo ya mwisho yape muda mwingi kuliko yote. Taja swali unalotaka kulijibu, mahali utakapolijibia na mhadhiri wa chuo hicho anayeweza kukusimamia. Kuandika kwamba unaipenda Afrika hakumwambii msomaji lolote.

Mzungumzaji wa Kiswahili aulize jambo moja kabla ya kulipa ada ya maombi: je, Kiswahili chake kinatosha kutimiza sharti la lugha? Vyuo vingine hukikubali kwa mtihani, vingine humtaka ajifunze lugha nyingine. Aulize pia kama wanafunzi wa uzamili huajiriwa kusaidia kufundisha Kiswahili, maana kazi hiyo huweza kupunguza gharama.

Hata pale Kiswahili kinapotosha, nawasihi vijana wetu waongeze lugha ya pili: Kisomali, Kilingala, Kiamhari au Kiarabu. Wataalamu wengi wa eneo letu hujifunza lugha zetu kwa jasho. Sisi tuliozipata nyumbani tunaweza kuanzia pale wao wanapofikia, tukawafahamu na jirani zetu kwa maneno yao wenyewe.