Samba haijawahi kukosa wanunuzi

Mwaka 2006 Marisa Monte, mwimbaji wa Rio de Janeiro, alitoa albamu mbili kwa mpigo. Infinito Particular ilikuwa ya pop. Universo ao Meu Redor ilikuwa ya samba iliyovishwa mavazi ya pop, na katika kuitayarisha alishirikiana na Mario Caldato Jr., Mbrazili aliyejijengea jina Marekani kwa kazi zake na kundi la Beastie Boys. Mwaka huohuo albamu hiyo ya samba ilitwaa tuzo ya Latin Grammy katika kundi la samba na pagode, tawi la samba.

Mfanyabiashara akiishika albamu hiyo, asome kwanza majina ya watunzi. Kuna nyimbo mpya alizotunga Monte na Arnaldo Antunes na Carlinhos Brown, wenzake wa kundi la Tribalistas. Kuna pia samba za zamani zilizodumu midomoni mwa wazee bila kurekodiwa. Monte alizifikia kwa sababu amekulia karibu nazo: baba yake alikuwa mkurugenzi wa utamaduni wa Portela, mojawapo ya shule kongwe za samba. Mashabiki wa pop walinunua jina lake, na wazee wakapata wasikilizaji wapya.

Zamani mambo hayakwenda hivyo. Mwaka 1916 mwanamuziki Donga alisajili samba ya Pelo Telefone kwenye Maktaba ya Taifa ya Brazil, ingawa wengine walidai kwamba wimbo huo ulizaliwa katika vikao vya pamoja vya wanamuziki nyumbani kwa mwenyeji wao, Tia Ciata. Tangu hapo samba ikawa mali yenye hati, na mwenye hati ndiye aliyekula. Katika miaka ya 1920 na 1930, watunzi maskini kama Ismael Silva na Cartola waliwauzia waimbaji mashuhuri nyimbo zao. Cartola alifikia kuosha magari katika mtaa wa Ipanema, Rio. Albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1974, akiwa na miaka 65.

Leo sheria ina meno zaidi. Sheria ya hakimiliki ya Brazil ya mwaka 1998 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 70 baada ya kifo. Ecad, ofisi inayokusanya mirabaha ya redio, televisheni na kumbi, ilibanwa na sheria ya mwaka 2013: baada ya kipindi cha mpito, angalau asilimia 85 ya makusanyo iwafikie wenye haki.

Monte mwenyewe alijilinda mapema kwa kuwa na lebo yake, Phonomotor. Kampuni ya EMI aliyoshirikiana nayo ilimezwa na Universal mwaka 2012, na albamu yake ya Portas ya mwaka 2021 ikatoka kwa ushirikiano na Sony. Washirika walibadilika, lebo ikabaki yake.

Brazil imo miongoni mwa masoko kumi makubwa ya muziki duniani, na mapato yake mengi sasa yanatokana na usikilizaji wa mtandaoni. Mtandaoni pesa hufuata jina lililosajiliwa; wimbo usio na jina hauna mrithi. Kwa hiyo lebo na shule za samba zikitaka biashara hii iwe ya haki, ziwarekodi na kuwasajili wazee wangali hai. Kuchelewa ni kuwanyima wajukuu wao urithi wa miaka 70.