Kipigo cha Kariakoo, maumivu ya Katesh

Hadi saa moja ya dabi ya Kariakoo Jumapili ile ya 5 Novemba 2023, shabiki wa Simba aliyebanana kwenye banda umiza pale Katesh, wilayani Hanang, alikuwa bado mtu mwenye heshima zake. Kennedy Musonda alikuwa ametangulia kuifungia Yanga, Kibu Denis akasawazisha, ubao ukasoma 1-1. Ghafla mambo yakaharibika. Maxi Nzengeli akafunga, Stephane Aziz Ki akafunga, Nzengeli akarudia, Pacome Zouzoua akahitimisha kwa penalti. Yanga 5, Simba 1. Siku mbili baadaye kocha wa Simba, Robertinho, hakuwa na kazi.

Kutoka Uwanja wa Benjamin Mkapa hadi Katesh ni safari ya kutwa nzima kwenye basi. Wapo wengi Hanang na Mbulu wanaoumia kwa ajili ya Simba au Yanga ambao hawajawahi kuiona timu yao uwanjani, wala hakuna mchezaji anayewajua. Kwa nini basi bao linalofungwa Temeke limnyime usingizi mtu wa Dongobesh?

Jibu la kwanza liko mwilini, na limepimwa kwa mate. Mwaka 2014, Kombe la Dunia lilipofanyika Brazil, watafiti akiwemo Martha Newson wa Chuo Kikuu cha Oxford walipima mate ya mashabiki wa Brazil kabla ya mechi, mechi ikiendelea, na baada ya filimbi ya mwisho. Mojawapo ya mechi hizo ilikuwa nusu fainali ya 8 Julai: Ujerumani 7, Brazil 1. Walichokuwa wakikitafuta ni kotisoli, homoni inayomwagwa na tezi zilizo juu ya figo mtu anapohisi hatari. Kazi yake ni kuongeza sukari kwenye damu na kuuweka mwili tayari kupambana au kutimua mbio. Wale walioiona timu kuwa sehemu ya nafsi zao kotisoli ilipanda kuliko kwa wengine, na kipigo kile ndicho kilichoipandisha zaidi. Taabu ya shabiki ni kwamba hana wa kupambana naye wala pa kukimbilia. Amekaa kwenye benchi la mbao, magoti yamegusa mgongo wa aliye mbele, na mwili wake umejiandaa kwa vita isiyokuwepo.

Testosteroni nayo hufuata matokeo. Fainali ya mwaka 1994 kati ya Brazil na Italia iliamuliwa kwa penalti, na wanaume walioitazama kwenye televisheni huko Marekani walipimwa. Homoni hiyo ilipanda kwa mashabiki wa Brazil na kushuka kwa wale wa Italia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyegusa mpira.

Halafu kuna hesabu isiyo ya haki. Wachumi Peter Dolton na George MacKerron wa Chuo Kikuu cha Sussex walitumia programu ya simu iliyowauliza watu wa Uingereza, saa yoyote ya siku, wanajisikiaje. Walipolinganisha majibu hayo na ratiba ya mechi waligundua kuwa huzuni ya kufungwa ni kubwa karibu mara mbili ya furaha ya kushinda, tena hudumu zaidi. Kwa hesabu hiyo, anayeshabikia timu inayoshinda na kufungwa sawasawa anapata hasara kila msimu. Bado Jumamosi ijayo atalipa kiingilio cha banda.

Kinachozidisha uchungu ni matarajio. Mwaka huohuo wa 2023 Simba ilikuwa imeifunga Yanga 2-0 kwenye ligi mwezi Aprili, kisha ikaitoa kwa penalti kwenye Ngao ya Jamii kule Tanga mwezi Agosti. Shabiki wake aliingia bandani akiwa ameshajihesabia ushindi. Kufungwa unakokutarajia huuma, ila kufungwa ulipojiandaa kucheka huuma kwa namna nyingine kabisa.

Hata hivyo, naamini maumivu makubwa ya shabiki wa Katesh hayatoki Kariakoo. Yanatoka kijiweni. Jumapili usiku mtu anaweza kujifungia ndani na kuzima simu. Jumatatu asubuhi lazima apite kwa bodaboda, dukani, kwa fundi cherehani, na kote huko kuna Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, anayemsubiri. Hahitaji kusema neno: anainua mkono, vidole vitano vimetanuliwa, basi. Na mkono huo una historia. Tarehe 6 Mei 2012 Simba iliifunga Yanga 5-0, na kwa miaka zaidi ya kumi mashabiki wa Yanga ndio waliooneshwa vidole hivyo. Wazee wa Simba walikuwa na akiba kubwa zaidi, zile 6-0 za mwaka 1977. Kwa hiyo mwaka 2023 deni lililipwa, tena na riba ya miaka ya kejeli.

Mwanasaikolojia Robert Cialdini alilionesha jambo hili mwaka 1976 katika vyuo vikuu vya Marekani. Jumatatu baada ya timu ya chuo kushinda, wanafunzi wengi zaidi walivaa nguo zenye jina la chuo. Walipoulizwa kuhusu ushindi walisema tumeshinda, na kuhusu kipigo wakasema wamefungwa. Jezi nyekundu za Simba zilizojaa mitaani asubuhi ya mechi hupotea keshoye kwa sababu hiyohiyo. Mtu anajitenga kidogo na aibu, na sidhani kama kuna ubaya. Ni njia ya kupumua.

Kijiwe kinachochoma ndicho pia kinachoponya. Daniel Wann, mtafiti wa mashabiki huko Marekani, anaeleza kuwa ushabiki huisaidia afya ya akili pale unapompatia mtu watu wa kukaa nao, hata kama timu yenyewe iko mbali. Banda la Katesh ni hilo hasa. Anayekimbia utani wote, akabaki na simu na makundi ya WhatsApp usiku kucha, anapata sumu bila dawa. Kwa maoni yangu ni afadhali kwenda kijiweni, ukubali vidole vitano, umrushie mtani wako zile sita za 1977, chai inywewe.

Dawa nyingine imepimwa pia. Yann Cornil na Pierre Chandon waligundua, mwaka 2013, kuwa watu wa miji ya Marekani ambayo timu zao zimefungwa hula vyakula vya mafuta zaidi siku inayofuata. Katika jaribio jingine, washiriki walipoombwa kwanza waandike mambo wanayoyathamini maishani, tabia hiyo ikatoweka. Mkulima wa vitunguu saumu wa Mbulu aliyeamkia shambani Jumatatu ile huenda alipona mapema kwa njia hiyo, bila kalamu wala karatasi.

Huzuni hii ya mpira siiiti msiba. Wiki nne baada ya mechi ile, tarehe 3 Desemba 2023, matope yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakaua makumi ya watu Katesh na vijiji jirani. Hapo mtu wa Hanang hahitaji mtafiti amweleze tofauti.

Lakini jambo moja halina utani. David Card na Gordon Dahl walichunguza taarifa za polisi za Marekani na kukuta kuwa timu iliyotarajiwa kushinda inapofungwa, wanaume kuwapiga wake au wapenzi wao nyumbani huongezeka kwa asilimia 10, hasa saa zilezile mechi inapomalizika. Ilipotarajiwa kufungwa, ongezeko hilo halikuonekana. Kotisoli haimwinulii mtu mkono. Anayejijua ana hasira za karibu, au mkeka wake wa kubeti umechanika na hela ya ada imekwenda nao, azunguke kwanza kwa miguu kabla ya kuingia nyumbani. Pombe aiache usiku huo.

Na wanaofungwa kila mara, mbona hawahami? Newson na wenzake waliwauliza mashabiki wa klabu za Uingereza, wakakuta walioshikamana zaidi ni wa timu zilizoteseka zaidi. Mbulu inalielewa hilo. Mwanamichezo wake mashuhuri, John Stephen Akhwari, alimaliza wa mwisho mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, goti limefungwa bandeji, na ndiye anayekumbukwa duniani kuliko wengi waliomtangulia siku ile.

Mwisho ni ombi kwa wenye mabanda na wateja wao. Ujerumani ilipocheza Kombe la Dunia la 2006, wagonjwa wa dharura za moyo katika eneo la Munich waliongezeka zaidi ya mara mbili na nusu siku za mechi zake, wengi ndani ya saa mbili za kwanza tangu mechi kuanza, na waliokuwa na ugonjwa wa moyo tangu awali ndio waliokuwa hatarini zaidi. Mwenye presha anywe dawa zake kabla ya kwenda kwenye dabi. Akishika kifua huku jasho linamtoka, msiseme ni Simba tu inamuuma: mpakieni kwenye gari mumpeleke hospitali.