Desibeli kumi za neno 'Biashara'

Kama una hati ya kiwanja, itoe sandukuni uisome pale palipoandikwa matumizi. Wengi wetu siku ya kukabidhiwa hati huangalia kama jina limeandikwa sawasawa, ukubwa wa kiwanja na namba ya kitalu, kisha tunaifunga kwenye nailoni na kuirudisha chini ya nguo. Mstari wa matumizi tunaupita. Kwa mtu wa kata ya Nyasho, Musoma, anayelala huku dirisha lake likitazamana na baa, huo ndio mstari wenye kazi. Eneo likiwa "Makazi", jirani anatakiwa kushusha muziki hadi kiwango fulani ikifika saa nne usiku. Likiwa "Makazi na Biashara", anaruhusiwa nguvu ya sauti mara kumi ya hiyo.

Sijatia chumvi. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, zimepanga viwango kwa aina ya eneo. Makazi matupu ni desibeli 50 mchana na 35 usiku. Makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani ni 55 mchana na 45 usiku. Mchana unahesabiwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne usiku, na muda uliobaki ni usiku. Toa 35 kwenye 45, unabaki na desibeli kumi.

Desibeli kumi zinaonekana kidogo kwa sababu tumezoea vipimo vya dukani, ambako kilo kumi ni kilo kumi. Desibeli hazijumlishwi hivyo. Kila ukipanda kumi, nguvu ya sauti inazidishwa kwa kumi, ingawa sikio linahisi kama sauti imeongezeka maradufu tu. Spika mbili, kila moja ikitoa desibeli 80, hazifikishi 160, zinafika 83. Ndiyo maana mwenye baa akizima spika moja kati ya mbili na kuapa kwamba amepunguza, anasema kweli, na wewe uliyeko kitandani ukisema hujasikia tofauti yoyote ya maana, nawe unasema kweli. Ugomvi mwingi wa kelele una wakweli wawili wa namna hiyo, na mwenyekiti wa mtaa katikati yao akitafuta maneno.

Sasa tuiweke sauti hiyo juu ya ramani. Sauti inayotoka sehemu moja, mahali pa wazi, hushuka desibeli sita kila umbali unapozidishwa mara mbili. Tuseme spika inatoa desibeli 100 ukiwa mita moja mbele yake. Mita mbili ni 94, mita nne ni 88, mita nane ni 82. Ukiendelea na hesabu hiyo, unafikia desibeli 45 ukiwa kama mita 560 kutoka kwenye spika, na desibeli 35 ukiwa karibu kilomita moja na mita 800. Yaani kwa spika ileile, usiku uleule, neno "Biashara" linakata duara la ukiukaji kutoka kilomita 1.8 hadi nusu kilomita na kidogo. Kwa ukubwa wa kata za katikati ya Musoma, duara la kwanza linavuka mpaka wa Nyasho na kuingia kata za jirani, ambako mwenye baa hajulikani hata jina.

Duara hilo ni la karatasini. Mtaani kuna kuta, mabati, miti na nyumba zilizobanana, na vyote vinapunguza. Halafu kuna hewa yenyewe. Usiku ardhi ikipoa, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu yake, na sauti ambayo ingepotelea angani inapinda na kurudi chini. Ndiyo sababu muziki uliokuwa mbali saa moja jioni unakuwa jirani saa nane usiku bila mtu kugusa kitufe. Upepo nao una upande wake: kwa kawaida mchana unatoka ziwani kuja nchi kavu na usiku unageuka. Mchoraji wa ramani ya kelele asiyejua hilo atachora miduara mizuri ambayo watu wa mtaani wataicheka.

Ulaya ramani hizi zinachorwa kwa lazima. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2002 linazitaka nchi wanachama kuchora ramani za kelele kila baada ya miaka mitano kwa miji yenye watu zaidi ya 100,000, pamoja na barabara kuu, reli na viwanja vikubwa vya ndege, kisha kuziweka wazi kwa wananchi. Manispaa ya Musoma ilihesabiwa watu 134,327 katika sensa ya 2012. Ingekuwa kule, Nyasho ingekuwa na rangi yake kwenye ramani, na mpangaji angeitazama kabla ya kulipa kodi ya miezi sita. Huku kwetu kelele hupimwa pale mtu anapolalamika. Desemba 2022 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lilifungia kwa muda baa na kumbi za starehe 89 katika miji kadhaa kwa sababu ya kelele. Hatua kali, na zikasemwa sana. Lakini kufungia baa kunamjibu mlalamikaji wa wiki ile. Ramani ingemsaidia hata anayetaka kufungua baa, maana angejua mapema kwamba pale anapopataka hapabebi ukumbi wa wazi.

Na hapa ndipo neno la kwenye hati linaporudi. Kanuni zinataja aina ya eneo. Hazikwambii mtaa wako ni wa aina gani. Ukifika mbele ya afisa, karatasi inayoweza kumaliza ubishi ni mchoro wa mipango miji, ule ambao watu wa ardhi huuita mchoro wa TP, na hati iliyotokana nao. Miji yetu mingi imejengwa kwanza, ikachorwa baadaye. Urasimishaji wa makazi ulipopita, nyumba iliyokuwa na genge barazani iliweza kuandikwa makazi na biashara, na ya pili yake makazi, kwa kadiri mpimaji alivyoikuta siku hiyo. Genge la nyanya likaja kuwa baa. Hakuna mtu aliyekaa kuamua kwamba mstari huo utagawa usingizi wa watu, ila ndiyo kazi unayoifanya. Mimi kazi yangu ni ramani, na nimefikia kuamini kwamba kesi nyingi za kelele mijini ni kesi za mipaka zilizovaa nguo za muziki.

Mipaka yenyewe ina vituko. Chukua ile ya "mita sitini". Sheria ya Mazingira inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bahari, na mtu yeyote wa Musoma au Bunda mwenye kiwanja karibu na maji anaijua. Swali ni unaanza kupima wapi. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likapita kidogo rekodi iliyokuwa imekaa tangu 1964. Mwaka 2024 likapanda juu zaidi ya hapo. Mahali penye mwamba, maji yakipanda nusu mita ukingo hausogei sana. Mahali tambarare, nusu mita hiyo inaweza kuingiza maji makumi ya mita ndani ya mashamba. Mtu aliyejenga mita 80 kutoka majini amejikuta mita 40 bila kuhamisha tofali. Ramani inayoonyesha mstari wa mita 60 bila kusema ukingo wake ni wa mwaka gani ni nusu ramani.

Kuna mtego mwingine ambao huwanasa hata wasomi. Ramani za zamani za serikali, zile za kipimo cha 1 kwa 50,000, zimechorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960. Simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS 84, ule wa setilaiti. Namba zilezile za koordineti zikisomwa kwenye mifumo hii miwili zinaangukia sehemu mbili tofauti, na kwa eneo letu tofauti hiyo ni kama mita 300, zaidi upande wa kaskazini na kusini. Pima hilo dhidi ya mita 60. Mtu anaweza kuchukua koordineti za bikoni kutoka karatasi ya zamani, akaziingiza kwenye simu, akajiona yuko ndani ya ziwa au yuko salama kabisa mlimani, na vyote viwili visiwe kweli. Ukipewa koordineti na mtu, kabla ya kuuliza lolote, uliza ni za mfumo gani. Asipojua, mshukuru na umtafute mpima.

Kwenye vibali ndiko kuna tofauti ya kushangaza zaidi. Leseni za madini ziko wazi: Tume ya Madini ina ramani ya leseni mtandaoni ambayo mtu yeyote anaifungua, anasogeza hadi Buhemba kule Butiama au Nyamongo kule Tarime, na kuona vipande vya leseni vilivyopangwa kama viraka vya kitenge. Kibali cha kutiririsha majitaka kinatolewa kwa sheria nyingine, ile ya rasilimali za maji ya 2009, kupitia bodi ya maji ya bonde. Kwa upande wetu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao makuu Mwanza. Leseni ya vileo inatoka halmashauri. Kila ofisi ina daftari lake, na mengi ya madaftari hayo hayajawahi kukutana juu ya ramani moja. Mwananchi anaona mgodi ulipo, haoni maji yake yanaruhusiwa kutokea wapi.

Kibali cha majitaka kikichorwa vizuri ni nukta yenye masharti: kiasi gani cha maji kwa siku, yatoke wapi, yawe na nini na yasizidi kipimo gani. Sharti mojawapo katika viwango vya Tanzania ni kiasi cha oksijeni ambacho uchafu utakula majini kwa siku tano, kisichozidi miligramu 30 kwa lita. Kinachotiririka kikiwa na damu, mafuta ya samaki au kinyesi, vijidudu vinavyokiozesha huvuta oksijeni, na samaki wanakosa pumzi. Mzee wa pale Kirumi, kando ya Mto Mara, hana haja na neno la kitaalamu. Ameshaona samaki wakielea midomo wazi.

Aliona Machi 2022, maji ya Mto Mara yalipogeuka meusi na samaki kufa. Watu wengi moja kwa moja walinyoosha kidole kwa mgodi wa North Mara, na walikuwa na kumbukumbu ya kuwafanya wanyooshe: Mei 2009 maji ya mgodi yalivuja kuingia mto Tighite, na Mei 2019 NEMC iliutoza mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa uvujaji wa bwawa la topesumu. Safari hii kamati ya serikali iliyoongozwa na Profesa Samuel Manyele ilikuja na jibu jingine, kwamba chanzo ni kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza katika ardhioevu. Jibu hilo likazomewa na kufanyiwa utani kila mahali.

Kisayansi lilikuwa jibu linalowezekana. Juu ya mto huohuo, upande wa Kenya, watafiti wameshaonyesha kwamba kinyesi cha viboko kikisukumwa na maji ya ghafla kinamaliza oksijeni na kuua samaki. Lililoiponza kamati ni kwamba ilifika baada ya samaki kufa, na vipimo vya kabla ya hapo wananchi hawakuwa wamewahi kuviona. Kama vipimo vya oksijeni vya kila mwezi, vya juu na chini ya mgodi, vingekuwa kwenye ramani ya wazi tangu 2019, mtu wa Kirumi angefungua mwenyewe na kuona oksijeni ilianza kushuka wapi. Angekubali au angekataa akiwa na namba mkononi. Mtu asiyeonyeshwa vipimo siku za amani hawezi kulaumiwa kwa kutoviamini siku ya msiba.

Na mtu asiniambie kwamba watu wa Mara hawana habari na ramani. Tangu 2015 mradi wa kujitolea uitwao Crowd2Map umekuwa ukiingiza njia, vijiji na zahanati za vijijini Tanzania kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia, na chimbuko lake ni mkoa huu: wasichana wa Serengeti waliokuwa wakikimbia ukeketaji walihitaji kufikiwa usiku katika vijiji ambavyo kwenye ramani vilikuwa uwanda mtupu. Watu wa nje walichora njia na nyumba kwa kutazama picha za setilaiti, na wenyeji wenye simu wakaongeza majina, kwa sababu setilaiti haioni jina. Hapo pia ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaotaka kila kitu kiwe wazi. Njia ya kwenda kijijini ni ya wote. Nyumba aliyolala msichana usiku ule haina haki ya kuwa nukta kwenye ramani. Baa na bomba la majitaka havina aibu ya namna hiyo.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Nyasho, kabla ya kupakua programu ya kupima sauti (kipaza sauti cha simu kinaweza kupotoka kwa desibeli kadhaa, kichukulie kama shahidi wa pembeni tu), nenda kwa afisa mipango miji wa manispaa uombe kuona mchoro wa mtaa wako, uangalie kiwanja cha baa kimepakwa rangi gani. Omba kwa maandishi, tia tarehe, baki na nakala. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku zisizozidi 30 kukujibu.