Kushangilia na Kusherehekea: Matumizi ya Vitenzi Viwili vya Ushindi

Mara nyingi vitenzi shangilia na sherehekea huchukuliwa kuwa visawe. Yambwa zake, hata hivyo, huvitenganisha. Tuchukue mfano wa timu ya Musoma kuifunga ya Bunda. Mashabiki huwashangilia wachezaji papo hapo, kwa vifijo na vigelegele. Kwa kawaida hawasemwi kuwasherehekea. Kinachosherehekewa ni ushindi wenyewe, jioni, kwa chakula na ngoma. Sherehekea hudai tukio na maandalizi. Shangilia hutosheka na kinywa na viganja, na hupokea mtu na tukio pia.

Upana huo ndio unaokipa kitenzi shangilia maana yake chungu, kwani mtu aweza pia kushangilia msiba wa mwenzake. Kila shangwe ya ushindi, basi, huficha swali: aliyeshindwa ni nani?

Swali hilo limo katika onyesho la kwanza la tamthilia ya Shakespeare ambayo Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, aliitafsiri kwa jina la Julius Caezar (1963), kisha akaisahihisha na kuiita Juliasi Kaizari (1969). Mafundi wa Roma wameacha kazi ili wamshangilie Kaizari. Viongozi wao wanawakaripia: walioshindwa ni wana wa Pompey, Mrumi mwenzao waliyemshangilia zamani.

Kwa hiyo, fasili ya "kuonyesha furaha" pekee haitoshi. Kamusi haina budi kumwonyesha msomaji anayeshangiliwa, na pia kile kinachoshangiliwa.