Barly Baruti, mtoto wa Kisangani aliyeichora Kongo kwa mkono wa Mkongo

Picha za Masisi na Walikale zinazofika Ulaya ni karibu sikuzote za wakimbizi, za bunduki ama za machimbo ya koltani na kasiteriti. Mara nyingi wanaochagua nini kionekane ni watu wa mbali. Barly Baruti, mchoraji wa bande dessinée, ama BD, ametumia maisha yake kuonyesha kwamba Mkongo anaweza kujichorea historia yake.

Jina lake kamili ni Baruti Kandolo Lilela. Alizaliwa mwaka 1959 Kisangani, mji unaoufikia ukitoka Walikale kwa barabara ya taifa namba 3, kupitia Lubutu. Alijifunza pia katika Studio Hergé, Brussels, nyumba ya Tintin. Hergé alichora «Tintin au Congo» mwaka 1930 na 1931 bila kukanyaga nchi hii, na Wakongo waliomo wanaonekana kama watoto wasiojua kitu. Baruti alichukua ufundi wa nyumba ile, ila macho alibaki na yake.

Pamoja na mwandishi Mfaransa Frank Giroud alitoa «Eva K.» na «Mandrill», vitabu vilivyomjulisha Ulaya. Lakini kitabu kinachowagusa zaidi watu wa mashariki ni «Madame Livingstone», alichotoa mwaka 2014 pamoja na Christophe Cassiau-Haurie. Rubani Mbelgiji anatumwa ziwa Tanganyika kuzamisha meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Anayemwongoza ni Mkongo anayevaa sketi ya Kiskoti na kusema kwamba ni mtoto wa Livingstone.

Hadithi ni ya kutungwa, vita ilikuwa ya kweli. Aprili 1916 askari wa Force publique walitoka upande wa Kivu wakaingia Rwanda, na Septemba wakateka Tabora. Nyuma yao walitembea wabebaji kupita 200,000, na wengi hawakurudi. Meli yenyewe ingali inajulikana: ni Liemba ya Kigoma. Majina ya wabebaji ndiyo yaliyopotea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Baruti alishiriki kuanzisha Kinshasa karakana ya ACRIA, ili vijana wajifunze kuchora. Kwa kijana wa Masisi ama Walikale, Kinshasa ni mbali sana. Januari 2025 M23 iliteka Masisi-centre, na Machi ikaingia Walikale-centre. Familia zilikimbia, na masomo ya watoto yakakatika.

Hata hivyo, kuchora hakuhitaji mashine wala umeme: kalamu ya risasi na daftari vinatosha kuanza. Kinachokosekana ni mwalimu na usalama. Kati ya vita ya 1916 na kitabu cha Baruti ilipita karibu miaka 100. Vita ya leo ya Masisi na Walikale haifai kungoja muda kama ule ili wenyeji wake waichore.